Komeo na Gitaa la Kila Wimbo

Jina lake halisi alilijua dada yake tu, na karani mmoja aliyewahi kumwandikisha kazi. Wengine wote walimwita Komeo, kwa sababu akisimama mlangoni, mlango umefungwa. Miaka kumi na mmoja alilinda milango ya kumbi za muziki. Mtu akiniambia kazi ile ni ya kusimama na kukunja mikono, nitamwomba akasimame yeye jioni moja tu, kesho aje anieleze meno yake yamekwenda wapi. Komeo alishavunjwa pua mara mbili na kuchanwa sikio kwa chupa. Na yeye alishavunja, alishang'oa, alishachana, hesabu aliiacha zamani.

Kazi ile ina elimu yake. Somo la kwanza alipewa na mlinzi aliyemtangulia, mzee mwenye jicho moja: usitazame uso, tazama mikono. Uso unadanganya, unacheka, unaomba, unaapa kwa mama yake. Kisu hakishikwi na uso. Basi Komeo akatazama mikono miaka yote hiyo, na aliijua mikono kama mchuuzi anavyojua nyanya mbovu. Nyuso hakuzijua. Angeweza kukutana sokoni na mtu aliyemng'oa jino juzi akamsalimia vizuri tu na kumuuliza habari za nyumbani. Watu walidhani ni dharau, kumbe hakumbuki.

Sasa, mtu huyuhuyu alipenda gitaa kama mgonjwa anavyopenda maji. Mchana, bendi ya ukumbini ilipofanya mazoezi, alifagia palepale karibu na jukwaa, na sakafu ile ilifagiwa kuliko sakafu yoyote duniani. Mpiga gitaa mzee wa bendi alimwonea huruma, akampa gitaa la mbao lenye ufa tumboni na kumfundisha. Miaka sita. Vidole vya Komeo vilikuwa vinene kama mihogo, lakini vikigusa nyuzi vilikuwa na adabu ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

Mpiga gitaa wa pili wa bendi alipohama mji, kiongozi wa bendi alimwita Komeo mbele ya wote. Alimwambia kiti ni chake, ila Jumamosi kuna harusi, na aje na gitaa lake la umeme. Tena si gitaa lolote. Bendi ile ilipiga nyimbo za maharusi wakiingia, za wazee wakikumbuka ujana, na za vijana wakivunja viti, zote katika shughuli moja. Alitaka gitaa moja linalojua kunong'ona na kufoka. Asipokuja nalo, kuna kijana mwingine anasubiri, naye analo. Akiba ya Komeo haikuwa ya kitajiri wala ya kimaskini. Ingenunua gitaa moja zuri ikichaguliwa kwa akili, au moja la ovyo ikichaguliwa kwa macho.

Huenda angejivuta mpaka Ijumaa. Ila Jumatano jioni mlevi alikuja mlangoni na chupa iliyovunjwa. Komeo alimnyang'anya chupa, na hiyo ni kazi. Akamkaba shingo, na hiyo pia ni kazi. Halafu hakuachia. Mlevi alilegea, midomo ikageuka rangi, miguu ikakoma kurusha mateke, na Komeo bado ameshika. Ilibidi mpiga ngoma na wakata tiketi wawili wambandue kidole kimoja kimoja. Mlevi akalala kwenye ngazi kimya kwa muda mrefu mno kabla ya kukohoa. Komeo aliitazama mikono yake, akaiogopa.

Dada yake, fundi cherehani aliyemlea tangu wazazi walipofariki, alipokea shati lenye damu kama alivyolipokea mara mia. Aliuliza damu ni ya nani. Komeo akamweleza yote, hata lile la kutoachia.

"Mdogo wangu," dada akasema, "nguo nitashona mpaka macho yaniishe. Lakini siku ukiua mtu, hapo mimi sina uzi."

Alhamisi, jua likiwa juu bado, Komeo alikuwa kwenye duka la fundi wa ala za muziki.

Lilikuwa duka jembamba lenye harufu ya gundi na risasi ya kuunganishia waya. Magitaa yalining'inia ukutani kama nyama buchani. Nyuma ya meza ya kazi alisimama fundi, mtu mkondefu aliyevaa aproni yenye mifuko mingi. Komeo alitafuta mikono yake, kama ada. Mmoja aliuona. Wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni na haukutoka. Hilo lilimkera, kwa sababu mkono usioonekana ndio unaoua. Fundi naye alimkazia macho kwa muda, halafu akamuuliza, kwa upole kabisa, anatafuta nini.

Komeo akamweleza habari ya Jumamosi. Fundi akaitikia kwa kichwa na kuanza kazi, na siwezi kumsingizia, kazi yake aliijua. Alifanya yote kwa mkono mmoja, hata kuchomeka waya kwenye amplifaya. Kupiga hakupiga. Alimwachia Komeo.

Kwanza alimshushia jekundu lenye pembe mbili, linang'aa mpaka unajiona meno. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, na lile jekundu lilikuwa linajitembeza. Komeo alipolipiga lilifoka vizuri, lakini alipotaka linong'one likaendelea kufoka. Fundi alisema gitaa lile linajua tusi moja tu, na pesa nyingi imekwenda kwenye rangi. La pili lilikuwa na tumbo wazi. Sauti yake ilikuwa tamu kiasi cha kumtoa mtu machozi, mpaka Komeo alipoongeza sauti kufikia ile ya ukumbini, likaanza kulia lenyewe kwa mlio mrefu wa kuchoma masikio. Fundi akasema hilo ni la sebuleni. Akamfundisha asilipie rangi, alipie shingo iliyonyooka na masikio ya kukazia nyuzi yasiyolegea, maana gitaa linalopoteza sauti katikati ya wimbo litamwaibisha mbele ya bibi harusi.

Halafu akainama nyuma ya meza akatoa la tatu. Hili halikuning'inizwa. Lilikuwa la kahawia, limechubuka kiunoni, lakini nyuzi mpya. Lilikuwa na sumaku tatu chini ya nyuzi, zile zinazonasa sauti: mbili nyembamba na moja nene, na swichi ya hatua tano ya kuchagua kati yao. Komeo alisukuma swichi juu, karibu na shingo, gitaa likanong'ona kama mtu anayebembeleza mtoto. Katikati likawa na sauti nyepesi ya kurukaruka, ile ile ya dansi la wazee. Chini kabisa, kwenye sumaku nene, likanguruma mpaka vioo vya duka vikatetemeka. Shingo yake ilimkaa mkononi kama mpini wa jembe la nyumbani. Komeo alicheka peke yake, na miaka mingi hakuna aliyemsikia akicheka hivyo.

Akasema analichukua. Fundi akajibu haliuzwi.

Komeo akauliza kwa nini basi amempa alijaribu. Fundi akasema alitaka alipende kwanza. Komeo hakuelewa. Akaomba, akarudia habari ya Jumamosi, akaongeza dau, akaomba tena, na mjue mtu yule hakuzoea kuomba. Fundi akalirudisha gitaa mezani, waya bado umechomekwa.

"Rudi mlangoni kwako, mbwa wa watu," akasema. "Mbwa hapigi gitaa."

Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Komeo hakujiuliza huyu mtu habari za mlango amezijuaje. Alimvuta kwa aproni juu ya meza na kumbamiza ukutani, magitaa matatu yakaanguka, na lile la kahawia likaporomoka sakafuni likipiga kelele kupitia amplifaya, nyuzi zote kwa pamoja, kelele isiyokoma. Akampiga ngumi ya mdomo, mdomo ukapasuka. Fundi hakuwa mnyonge. Alimtwanga goti, kisha akamuuma kifundo cha mkono wa kulia mpaka meno yakakutana na mfupa, na Komeo akamtupa chini kama gunia. Akiwa chini, fundi akautoa mkono wa kushoto mfukoni. Ukanyooka kuelekea kitu kinachong'aa kilichodondoka sakafuni.

Mkono, na chuma kinachong'aa. Buti la Komeo likapanda lenyewe.

Likabaki juu, kwa kuwa macho yake yalikuwa pale yalipozoea kuwa, na mkono ule aliujua. Vidole viwili vilikuwa vimepinda kwa nje kama kuni zilizovunjwa na kuachwa. Cha tatu kilikuwa kimeganda, hakina kiungo. Na kile chuma hakikuwa kisu. Kilikuwa kapo, kibano kidogo ambacho wapiga gitaa hukibana shingoni mwa gitaa kushika nyuzi zote kwa mara moja. Komeo akakumbuka ukumbi wake wa kwanza, miaka minane nyuma, mtu amesimama mlangoni ananyoosha mkono wenye chuma na kusema jambo ambalo yeye hakulisikiliza. Alikumbuka alivyomwangusha. Alikumbuka mlio chini ya buti. Alimwambia mwenye ukumbi kuwa ni kisu, akasifiwa, na hakuna aliyeuliza hicho kisu kiko wapi.

"Kanyaga," fundi akasema, damu ikimtiririka kidevuni. "Njia unaijua. Nilikuwa napiga jioni ile, nikatoka kupunga hewa. Nikakwambia mimi ni mpiga gitaa, nikakuonyesha kapo. Ukatazama mkono. Uso wangu hukuutazama hata kidogo. Mimi wako niliutazama kutoka chini, na siusahau."

Komeo akashusha mguu sakafuni, taratibu. Akainama amwinue, na kwa vile mkono wa kulia ulikuwa unavuja damu, akampa wa kushoto.

Fundi akaushika, akainuka nao. Hakuuachia. Aliuweka juu ya meza ya kazi na kuubana kwa ule mkono wake mbovu, mkono usioweza kubana hata kifungo. Wa kulia ukaenda kwenye nyundo. Komeo aliona kila hatua, maana kuona mikono ndiyo kazi pekee aliyowahi kuijua vizuri. Alikuwa na nafasi ya kufanya mambo matatu. Angeweza kuvuta mkono, au kumpiga kichwa, au kumvunja kiwiko. Hakufanya hata moja.

Nyundo ikatua kwenye kidole kidogo. Kilipasuka kama njugu. Komeo alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa meza na kulia kwa sauti, mtu mzima yule, na kelele ya gitaa sakafuni ikaifunika sauti yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nyundo ikapanda mara ya pili. Mkono wa Komeo ulikuwa bado palepale mezani.

Fundi akautazama. Miaka minane aliiwaza siku hii, akidhani itamshibisha. Akaitupa nyundo, akageukia ndoo ya takataka na kutapika. Halafu akachomoa waya, na duka likawa kimya.

Alikifunga kidole kwa vipande viwili vya mbao na utepe wa mafundi umeme. Alifunga vizuri, kwa kuwa hakujua kufanya kitu vibaya. Komeo alimwomba msamaha. Fundi akasema hajamsamehe, na asidhani kidole kimoja ni sawa na vitatu.

"Shika gitaa," akasema.

Walikaa mpaka jioni, wote wawili wamevimba. Fundi alimwonyesha jinsi ya kupiga kwa vidole vitatu, na kwamba kidole kidogo ni cha mbwembwe tu. Kwa nyimbo zitakazomshinda, abane kapo, imshikie nyuzi ambazo vidole havifiki. Komeo alimuuliza kwa nini anamwachia gitaa lake. Fundi akajibu kuwa limekaa nyuma ya meza miaka minane bila kosa lolote. Bei akataja ileile ya mteja yeyote, bila punguzo hata la waya. Kapo akamtupia ndani ya mfuko wa gitaa mwishoni kabisa, bila kumtazama.

Jumamosi Komeo alivaa shati ambalo dada alilishona halafu akakataa katakata kulishona tena. Mkanda wa gitaa pia aliushona dada, kwa mabaki ya kitambaa cha suti. Miguu ikampeleka mlango wa mbele wa ukumbi, kama ilivyozoea, huku akiichezea kapo mkononi kwa wasiwasi. Mlangoni palikuwa na mlinzi mpya aliyeletwa jana kuziba pengo lake, mtu mpana ambaye hakumjua. Mlinzi aliona mkono wenye utepe na damu iliyokauka. Ndani yake akaona chuma kinachong'aa. Akasogeza mguu mmoja nyuma, kama Komeo alivyousogeza maelfu ya mara, na macho yake hayakupanda juu ya kifundo.

Komeo akafungua kiganja polepole.

"Ndugu yangu," akasema, "nitazame usoni kwanza."

Mlinzi akainua macho. Komeo naye akamtazama, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuutazama uso wa mtu pale mlangoni. Uso ule ulikuwa na hofu kubwa. Akaeleza kuwa yeye ni mpiga gitaa wa pili, akamtajia jina lake, lile halisi alilomwita dada, akaingia kupiga.