Nsimire Alikatalia Gogo

Mutaa wote wa Kadutu ulimujua Nsimire kwa mihogo yake sokoni na kwa kichwa chake kigumu. Ndugu yake Cirhuza, fundi wa kushona, alisikia watu wakimutukana toka ndani ya ukuta. Miaka miwili alimeza vidonge vya Largactil. Alilala kama kuni mbichi, lakini akiamuka, sauti zilikuwa zimeamuka mbele yake.

Baba yao mudogo Philémon akafika toka kijijini, Walungu, na wanaume wawili na kamba.

"Dawa imeshindwa. Nyumbani gogo iko tayari, tumetoboa tundu ya kufungia muguu wake."

"Baba, dawa moja imeshindwa. Ukikosa chumvi kwa maman mumoja, utasema chumvi imeisha soko yote?"

"Mwanamuke, uko na mudomo!"

"Niko nayo. Ndiyo inaniuzishia mihogo. Unipe mwezi."

Philémon akakubali, akicheka.

Kwenye dispansere, muganga Déogratias akaandika Haldol, matone ndani ya maji. "Hii ikikataa, iko sindano ya kila mwezi. Tusianguke mbele ya kupigana."

Siku ya tisa shingo ya Cirhuza ikapinda, macho yakapanda juu, yakakataa kushuka. Majirani: "Sumu! Amemupa sumu!" Nsimire alimufunga ndugu yake mugongoni, ukanda kwenye paji la uso, vile anavyobeba magunia, akapanda naye mulima wote mupaka dispansere. Muganga akasema si sumu, ni dawa inakaza misuli, akachoma sindano ya kuilegeza. Nusu saa, macho yakashuka. Akaongeza kidonge kidogo cha kulegeza mwili, cha kumeza kila siku pamoja na yale matone.

Mwezi ukaisha, Philémon akarudi na wale wanaume wawili na kamba yao.

"Analala?"

"Hapana, anashona."

"Dawa isiyolaza mutu, ni dawa gani hiyo?" Kwake yeye nguvu ya dawa ilipimwa kwa usingizi. "Na wale wa ukuta?"

Cirhuza akajibu mwenyewe, muguu ungali kwenye mashini. "Wako, baba. Lakini sasa wanaongea kama majirani wa nyumba ya tatu. Watukane. Mimi niko na suruali ya kumaliza."

"Tutamupeleka tu," Philémon akasema.

Nsimire akasimama mulangoni, mikono kiunoni. "Hii ikichoka, tutaenda kwa ile ya sindano. Ile nayo ikichoka, nitauliza muganga iko gani ingine, mupaka anikimbie. Gogo, hapana! Ukaipasue, bibi yako apikie maharage."

Wale wanaume wawili walikuwa wamekunja kamba, wameanza kuteremuka mulima. Philémon akaita, hawakugeuka. Akawafuata, akinungunika peke yake.