Jiko la Mchanga wa Mwalo

Jumatano, tarehe kumi na nne, mwezi wa nane. Asubuhi ukungu mwepesi juu ya kilima, mchana jua na upepo wa vumbi. Mvua hakuna dalili.

Hivyo ndivyo daftari langu linavyosema siku hiyo, na chini yake kuna mstari mmoja tu: leo nimevunja jiko. Hali ya hewa naianza kwanza kila siku kwa sababu mwalimu wetu wa darasa la tano alitufundisha hivyo, na mimi shule yangu iliishia la saba. Yaliyobaki ya siku ile niliogopa kuyaandika vibaya. Sasa nayaandika. Nikikosea mahali ni kwa kusahau, si kwa kupendelea mtu.

Tulikaa Genkuru, mimi, mume wangu, mama yake mzazi na watoto wetu watatu. Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Mume wangu alikuwa na sehemu yake kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao, pamoja na wenzake wanne. Duara halisimami bila magogo ya kuzuia kuta, nao magogo hayo huyaita matimba. Basi miti yote niliyoikuta nilipoolewa ilishuka chini ya ardhi ikawa matimba. Zamani nilikuwa nikiokota kuni huku nasikia mtoto akilia nyumbani. Baadaye nikawa naondoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, na mzigo wenyewe vijiti vya kuchokolea meno. Lakini nisiwasingizie wachimbaji peke yao. Mkaa tuliuchoma sisi wanawake, nami nilikuwemo.

Kuni zilipokwisha tukapikia mabua na samadi kavu. Moshi wake ni mzito, unakaa ndani kama mgeni asiyeaga. Mama mkwe alikuwa na kifua tangu nilipomkuta, na moshi ule ukamkamata kweli kweli. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Hospitali walisema aepushwe na moshi, kama vile moshi ni mbwa wa jirani unayeweza kumfungia. Nyumba yetu na jiko ni paa moja. Angekaa wapi?

Mwaka duara lilipotoa vizuri mume wangu alileta mtungi wa gesi. Nasema hili ili ijulikane kuwa hakuwa mtu wa kutojali. Tulipikia wiki kadhaa, mama mkwe akawa anakaa karibu na moto usio na moshi akiutazama kwa shaka, anauliza unakula nini. Gesi ilipokwisha, kuijaza ni mpaka Tarime mjini, na duara nalo lilikuwa limenyamaza. Nikautandikia mtungi kitambaa cha kufuma. Wageni walikuwa wakiukalia barazani.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Turwa kufundisha wanawake kujenga majiko banifu, pale nje ya kanisa. Jiko la udongo, lina mdomo mdogo wa kuni, matundu mawili ya sufuria, na njia ya moshi inayotokea nje ya ukuta. Alisema tuchukue udongo wa kichuguu, mchanga laini, na majivu kidogo. Udongo na majivu tulikuwa navyo. Mchanga laini kwetu haupo, mto uko mbali. Nikafikiri, mchanga laini kuliko wote si ule wa mwaloni? Mwalo ndipo wachimbaji wanapooshea mawe yao yakishasagwa, na mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa wanauita marudio. Ulikuwa umelundikwa nyuma ya nyumba yetu, laini kama unga wa muhogo. Nikauchota debe kwa debe. Wenzangu nao wakachota kwa waume zao. Tulicheka sana siku ile. Mmoja alisema sasa tutapika ugali kwenye jiko la dhahabu kama wake wa mfalme.

Jiko likakauka, nikaliwasha. Siwezi kulisifu kupita kiasi, lilichelewa kupata moto na sufuria kubwa halikuipenda. Lakini mabua ya kushikwa mkono mmoja yaliivisha maharage, na moshi ukatoka nje. Baada ya mwezi hivi mama mkwe alianza kulala akiwa amenyoosha mgongo. Siku moja nilimsikia anaimba akipepeta ulezi, nikasimama mlangoni nisimkatize. Sikuwahi kujua kwamba anaimba. Kilipoondoka kikohozi ndipo sauti ilipoonekana.

Halafu duara likatitia. Hakuna aliyekufa, tunashukuru. Wale wenzake wakakubaliana kila mmoja alete matimba mapya, asiyeleta sehemu yake inachukuliwa. Matimba wakati huo yalikuwa yanatoka mbali, upande wa Machochwe, na aliyekuwa nayo alijua tunayahitaji. Wiki hiyohiyo akaja mnunuzi wa marudio na lori. Alikuwa na dawa zake za kutoa dhahabu iliyobaki kwenye mchanga ulioshindikana. Mume wangu akauza lundo lote la nyuma ya nyumba, na bado haikutosha.

Jumatano ile, tukishakunywa uji, alikuja akasimama mlango wa jikoni. Hakuingia. Kwetu mwanaume hashiki jiko wala mafiga ya mke wake. Akiyang'oa ni sawa na kumwambia rudi kwenu. Nikajua ana jambo.

"Ule mchanga wa jikoni uliuchota lini?" akauliza.

Nikamwambia, wakati ule duara linatoa.

"Ndiyo maana. Lile jiko lina rangi."

Rangi kwao ni dhahabu inapojionyesha kwenye karai, ule mstari wa njano. Akaeleza taratibu, hata sauti hakuipandisha. Mchanga wa siku zile ulitoka kwenye jiwe zuri, na kuosha kwao kulikuwa kwa haraka, wameacha nyingi. Madebe sita yale huenda yakazidi lundo zima. Matimba yakipatikana, duara litafunguka. Akasema atanijengea jiko lingine, la tofali. Nilimwamini. Mpaka leo naamini kuwa na yeye aliyaamini aliyosema.

Nikamuuliza, na mama?

"Sikulazimishi," akasema. "Jiko ni lako. Ukikataa nitanyamaza."

Heri angenilazimisha. Mtu akikulazimisha unakuwa na wa kumlaumu. Nikaenda kwa mama mkwe, alikuwa juani anachambua dagaa, na nakiri hapa kwamba nilikwenda nikitumaini atakataa yeye. Nikamweleza yote bila kupunguza. Akaendelea kuchambua.

"Jiko ni la nani?"

"Ni langu, mama."

"Sasa mimi unaniuliza nini, binti wa watu?"

Nikasema nauliza kwa sababu ya kifua. Akacheka kidogo, kicheko kikamletea kikohozi chepesi, akasubiri kipite.

"Mura akikosa duara lake ataingia kwenye mashimo ya watu, usiku. Unajua wanavyorudishwa wale, wamebebwa." Mura ni kijana kwa Kikurya, na mwanawe alikuwa bado mura kwake ingawa mvi zilishaanza. "Kifua hiki nilikuja nacho mimi. Mwanangu ninaye mmoja. Vunja."

Nikachukua jembe. Pigo la kwanza halikuingia, jiko lilikuwa limekomaa. Nilifikiri labda litakataa, labda hiyo ndiyo itakuwa dawa. La tatu likapasua mdomo. Ndani palikuwa pekundu kama tofali, na bado pana joto la uji wa asubuhi. Mume wangu alikuwa akipokea vipande mlangoni kwenye gunia, haingii, ananyoosha mikono tu. Niliona anafuta macho, lakini vumbi lilikuwa jingi, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mnunuzi alichukua kipande, akakigonga kwa ukucha, akakirudisha guniani. Alisema mchanga aliokuwa anataka ni mchanga, hilo ni tofali: limechanganywa kichuguu na majivu, na limeungua, dawa yake haitapenya. Hakutudharau. Hata alionyesha huruma, alisema si sisi wa kwanza, kuna nyumba ya jirani wamemletea jiko juzi. Basi wale wake wa mfalme wote tulikuwa tumeshika majembe.

Mume wangu hakukubali. Aliponda vipande kwa nyundo mpaka alasiri, akachekecha, akapeleka mwaloni kuosha mwenyewe. Nilimfuata. Akazungusha karai, maji yakatoka mekundu, yakatoka tena, na mwisho pakabaki kitu. Alinionyesha. Rangi ilikuwepo kweli, hakusema uongo: kama nusu ya punje ya ulezi. Tulikitazama kile kitu tukiwa tumechuchumaa wawili. Hakikutosha hata gogo moja.

Nikasema basi nitajenga lingine kesho. Lakini udongo ukishaungua haurudi kuwa udongo. Nikapita kwenye kichuguu nilikochota mara ya kwanza, nikakuta shimo. Watu walikuwa wamesikia kwamba mchwa hupandisha dhahabu kutoka chini, wakakichimba chote na kukiosha.

Miaka ilipopita muuguzi mmoja aliniambia kwamba mchanga wa mwalo una zebaki, ile dawa nyeupe ya kushikia dhahabu, na kwamba ikipata moto inapanda hewani usiione. Kwa hiyo sijui. Pengine jiko lile lililomfanya mama mkwe aimbe lilikuwa linampa ugonjwa mwingine, nasi watoto na watu wazima pamoja naye. Pengine kulivunja kulikuwa heri. Nimelipima jambo hili pande zote na kila nikiweka upande mmoja, mwingine unainuka. Nilichukua mchanga uliokuwa karibu. Nilivunja nilipoambiwa vunja. Sijaona bado mahali ambapo ningesimama nikafanya vingine, na sijui kama hiyo ni haki au ni uvivu wa kufikiri.

Jioni ya Jumatano ile nilitafuta mafiga. Mawili yalikuwa yanashikilia mlango wa banda la mbuzi, la tatu watoto walilifanya kiti. Nikayapanga palepale jiko lilipokuwa, juu ya alama nyekundu sakafuni, nikawasha mabua. Moshi ukapanda darini, ukashuka, ukatukuta. Mama mkwe alijaribu kukaa. Alikaa mpaka maji yakachemka, kisha kikohozi kikamkamata kile cha zamani, kile cha kushika ukuta, mwanawe akambeba nje mikononi kama mtoto na kumkalisha juu ya mtungi wa gesi, upande upepo unakotoka.

Tulikula ugali wa muhogo na mtama, na dagaa wale aliowachambua asubuhi, nimewaunga kwa nyanya moja. Mama mkwe alikula chakula chake hukohuko nje, amejifunika blanketi. Alimega matonge matatu, mengine akawagawia watoto.