Mizani Juu ya Zulia

Muuza mbuzi wa soko la Wabera humwinua mbuzi kidogo tu kwa mikono miwili, akakutajia kilo zake. Mizani ya bafuni yeye haiamini kama mikono yake. Lakini daktari alimwambia goti lake linalouma litatulia akipunguza kilo tano, basi kila asubuhi kabla ya chai huipanda. Leo binti yake Saadia alipiga vigelegele: "Mama, kilo nne zimetoka!"

"Nani ameiweka kwa zulia?" Akaisukuma hadi kwenye simiti, akapanda mikono mitupu, kisha akapanda na pakiti ya unga ya kilo mbili. Mizani ikaongeza mbili kamili.

"Hata kama inadanganya, kila siku inadanganya sawa. Wiki jana, hapa kwenye simiti, ilisema ngapi?"

"Themanini na nane."

"Leo themanini na saba. Tatu ni za zulia, Saadia. Moja ni yangu."

Akaenda sokoni kwa miguu.