Koplo bado yuko lindoni, Kanali hajarudi

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mlinzi wa nyumba yenye geti jeusi anatoka kibandani, anakung'uta suruali yake na kusimama mguu sawa mbele ya ngazi za baraza. Buti zimepigwa kiwi zinang'aa. Kidevu kiko juu, mikono imebana mapaja. Anautazama mlango uliofungwa.

Hakuna anayetoka. Baada ya kitambo anapiga saluti, anasema kwa sauti ya kusikika, "Lindo salama, afande," kisha anarudi kibandani kuchemsha chai ya mtu mmoja.

"Najua unaniona nimechanganyikiwa," anamwambia mwandishi, akicheka kidogo. "Lakini nisipofanya hivyo siku haianzi. Nakuwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila kunawa uso."

Mwenye nyumba ni kanali mstaafu, mzee anayekaribia miaka themanini, na huu ni mwezi wa tatu hajulikani alipo. Mlinzi huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Koplo, ndiye mtu wa mwisho wa nyumba hii kuzungumza naye. Ndiye pia aliyemfungulia geti.

Koplo hajawahi kuwa askari. Ujanani alikwenda kujiandikisha jeshini, akapimwa urefu, akaambiwa arudi akishakua. "Nilikuwa nimeshakua," anasema. "Ndiyo hivi unavyoniona." Akaishia kwenye kampuni ya ulinzi, akalinda maghala na maduka, mpaka miaka kumi iliyopita alipopangiwa nyumba ya Kanali.

Asubuhi ya kwanza mzee alitoka na fimbo yake, akamzunguka taratibu, akamwambia kifungo cha shati kimelegea. Kesho yake ikawa zamu ya viatu. Siku iliyofuata hakusema kitu, na mlinzi akaenda nyumbani kifua mbele. Mwezi ulipokwisha, Kanali alimpa cheo cha koplo pale pale kwenye ngazi, akamwahidi usajenti akiendelea vizuri.

"Huo usajenti mpaka leo," anasema. "Kila nikimkumbusha ananiambia bado najifunza."

Tangu alipofiwa na mkewe, gwaride lililobaki kwa Kanali lilikuwa hilo la mtu mmoja. Binti yake wa pekee anafanya kazi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Wageni walipungua. Kisha kusahau kukaingia: kwanza miwani, halafu majina ya watu, halafu njia ya kurudi kutoka dukani. Binti akaacha agizo moja tu kwa mlinzi, kwamba baba asitoke peke yake.

Siku aliyopotea, Kanali alitoka barazani amevaa kombati zake za zamani, zimepigwa pasi, bereti kichwani. Sauti iliyokuwa imefifia kwa muda mrefu ilikuwa imerudi yote.

"Akaniambia, 'Koplo, fungua. Shika lindo mpaka nirudi.' Sasa mimi nifanye nini? Angekuwa yule mzee mgonjwa, ningemshika mkono, ningemrudisha ndani akanywe uji. Lakini yule hakuwa mgonjwa. Yule alikuwa Kanali. Miguu ikajibu kabla ya akili. Nikapiga saluti, nikafungua."

Alimtazama akitembea mgongo umenyooka mpaka akakata kona. Koplo anapangusa kikombe ambacho tayari ni kikavu.

"Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma. Nilidhani amepona."

Hakumfuata, kwa kuwa aliambiwa ashike lindo. Sisi raia tutasema huo ni ujinga mtupu, na mwandishi huyu alikaribia kumwambia hivyo usoni. Lakini kwa miaka kumi watu hawa wawili walikuwa na kajeshi kao kadogo hapa uani, na katika jeshi hilo hakuna aliyewahi kumuuliza Kanali anakwenda wapi.

Polisi walikuja, majirani wakajitokeza. Wafyatua matofali wa kule mtoni wakasema wamemwona mzee mwenye kombati akiingia kwenye matete. Umati ukashuka, wamejipanga mstari, filimbi zinalia, watu wanaita "Mzee! Mzee!" mpaka sauti zikawakauka. Walichokuta ni majani yaliyolaliwa, bado yana umbo la mtu, na nyayo za buti zikielekea barabara kuu.

Koplo alipofika na kulala pale kwenye majani, aliona njia yote waliyopita watafutaji.

"Alikuwa anatutazama," anasema. "Hebu fikiria. Kichwani mwake yuko kazini. Anasikia filimbi, anaona watu wamejipanga wanamjia. Atafanya nini? Atajificha, na kujificha alifundishwa. Tulimtafuta kama mwizi, naye akatukimbia kama adui."

Tangu hapo anatafuta peke yake, siku zake za mapumziko. Huzunguka vituo vya mabasi, hospitali, na mochwari. Nauli imekula sehemu kubwa ya mshahara. Akifika mahali penye vichaka hasemi "Mzee". Husimama wima na kuita, "Lindo salama, afande!" Kisha husikiliza. Mpaka sasa wanaomjibu ni mbwa.

Siku hizo kiti cha kibandani hakibaki kitupu. Hukaliwa na mke wake, mwanamke mcheshi anayesuka mikeka.

"Ameniachia kirungu na kofia," anasema. "Niliolewa na mlinzi, sasa nimekuwa mlinzi, tena wa bure." Halafu anashusha sauti. "Baba watoto anaweweseka usingizini. Jina langu silisikii hata siku moja. Nasikia afande, afande. Namwamsha, ananitazama kana kwamba hanijui."

Kwa njia ya simu, binti wa Kanali anasema mlinzi alikwenda mwenyewe polisi akaeleza yote mbele yake. "Nilimkasirikia sana, nikaacha kupokea simu zake. Baadaye nikajiuliza, baba angeniamuru mimi kwa sauti ile, ningemkatalia? Ningefungua."

Hata hivyo hawezi kuendelea kulipia ulinzi wa nyumba isiyo na mtu. Mwisho wa mwezi huu mkataba na kampuni unakwisha, geti litatiwa kufuli, na Koplo amepangiwa ghala la saruji upande wa pili wa mji. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi sasa.

"Mtu amesahau karibu kila kitu," anasema. "Geti hili hajalisahau. Akija akute kufuli, na mimi sipo, ataona amekosea nyumba. Atageuka aondoke. Na safari hiyo hatarudi tena."

Ameomba zamu ya usiku huko ghalani. Wakimkubalia, kila alfajiri atapanda basi la kwanza kuja hapa, atasimama nje ya geti mpaka jua likolee, ndipo aende kulala. Binti ameshampa ufunguo wa geti dogo, na mke wake amesema mikeka inaweza kusukwa popote, hata kwenye kiti hiki.

Anapomsindikiza mwandishi anatoa ombi moja, akitaka liandikwe kama alivyolisema.

"Mtu akimwona, asimzunguke. Asipige filimbi, asimwite mzee. Asimame vizuri tu, amwambie: Lindo salama, afande, Koplo anasubiri kubadilishwa. Atakuja. Mtu wa kazi hawezi kumwacha mwenzake lindoni."

Je, haogopi Kanali atasema nini akijua kwamba lindo lilishikwa na mwanamke mwenye mkeka mapajani?

Koplo anacheka, kisha macho yanamjaa machozi ghafla, na hayafuti.

"Atanivua cheo," anasema. "Na anivue. Mradi aje anivue mwenyewe."