Bibi Alipoonja Kwanza

Nina mume mwema huku kijijini Kimuli, nina watoto wawili, na kwa hayo yote nalishukuru funda moja la rubisi.

Bibi aliyenilea, dada wa babu yangu, hakunywa hiyo pombe ya ndizi mpaka mtu mwingine aionje mbele yake. Hata ingetoka kwa padri! Ndivyo alivyokuzwa, maana ukoo wetu ndio uliotawala Karagwe: mdogo anaonja, kama kuna sumu afe yeye, kisha mkubwa anakunywa. Utawala ulikwisha zamani. Mashamba ya nyarubanja, yale ambayo wapangaji waliyalima na kumpelekea mwenye ardhi kibuyu cha kwanza, yakabaki mikononi mwa waliolima. Sisi tukabaki Nyaishozi na migomba michache na jina. Siku ya kupiga kura bibi alipanga foleni kama watu wote, ila akipishwa mbele hakusema asante. Hakumwambia mtu asante, hata mimi.

Nikapata mchumba, mwalimu, mcheshi wa kuvunja mbavu. Bibi aliuliza ukoo kabla ya kuuliza jina, akagundua kwamba babu wa kijana alikuwa mpangaji wa baba yake yeye bibi.

"Nimtoe mjukuu wa mfalme kwa watu waliotupigia magoti?"

"Mfalme gani, bibi!" nikamaka. "Wiki nzima napalilia maharage ya watu kwa kibarua. Wenzetu wana kahawa na nyumba ya bati. Nani mkubwa hapo?"

Alininunia siku tatu. Baba naye, mtu mzima na mvi zake, akasema neno ni la bibi: asipokunywa pombe ya wakwe, hakuna ndoa. Nililia, sioni haya kusema.

Wakaja Jumamosi. Tulikuwa tumetandika nyasi mbichi sebuleni na kupanga viti vya plastiki. Baba wa mchumba wangu, mzee aliyevaa koti lake la kanisani, akaingia na kibuyu cha rubisi. "Shikamoo, mama," akamwambia bibi. Halafu akavipita viti vyote, akakaa chini kwenye nyasi karibu na mlango. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Viti huvioni?" bibi akauliza.

"Naviona, mama. Lakini baba yangu alikuwa akikaa hivi akimletea baba yako kibuyu. Mimi nilikuwa mdogo, nashika mrija, nimeambiwa nisiinue macho. Leo nimekuja kuomba mtoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Akatia mrija kwenye kibuyu ili aonje.

Bibi akainuka. Akanishika bega, akashuka taratibu na magoti yake mabovu, akiguna, mpaka akakaa kwenye nyasi mbele ya yule mzee. Akamnyang'anya mrija.

"Lete hapa. Ukubwa jalala."

Akavuta funda refu kabla ya mtu yeyote. Sote tukamtazama koo.

"Haina sumu," akasema, akamrudishia mrija. "Kunywa, baba. Halafu uninyanyue, peke yangu siwezi."

Mzee akanywa. Akamshika mikono yote miwili, akamwinua, akamkalisha kwenye kiti.

"Asante," bibi akasema.