Kicheko cha Baba Mdogo

Siku ile sebuleni kwetu Maisaka walikuwepo baba mdogo na mkewe, shangazi yetu wa Mutuka, mzee mmoja wa kanisa, mdogo wangu wa kike aliyekuwa ameanza kidato cha kwanza, mdogo wetu wa mwisho aliyekaa mapajani mwa shangazi, na mimi. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia, na ukiniondoa mimi, hakuna aliyemtetea binti.

Ilikuwa Januari. Baba tulikuwa tumemzika Novemba, mama alishatangulia. Kikao kilikuwa cha kuamua nani aende kwa nani. Baba mdogo anafundisha Kiingereza Arusha, na nadhani alishaamua kabla hajapanda basi: mdogo wangu wa kike aache shule, aende kwake kulea watoto. Alikuwa anatafuta tu sababu ya kuwapa wengine.

Akamgeukia, akamuuliza kwa Kiingereza baba yake alifariki lini.

Mdogo wangu akajibu kwa sauti ndogo, "My father has died last year."

Baba mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akamwambia mzee wa kanisa, "Ametaja mwaka jana, halafu ameweka 'has'. Umesikia, mzee?" Mzee hajui Kiingereza, lakini naye akacheka, kwa adabu tu. Mdogo wangu aliangalia miguu yake. Alikuwa amesema vile tunavyosema sote hapa, baba amefariki mwaka jana, akayahamishia kwenye Kiingereza kama yalivyo.

"Huyu shule imemshinda," baba mdogo akasema. "Nitaondoka naye."

"Anabaki," nikasema. "Atasoma."

"Atasomeshwa na nani? Na wewe uliyeishia kidato cha pili?"

"Na mimi."

"Haya, mwalimu. Tutaona."

Niliacha shule mama alipoanza kuugua, na tangu hapo naendesha bajaji. Wiki ileile nilinunua sokoni kitabu cha mtumba cha sarufi ya Kiingereza, nikakiweka chini ya kiti. Kijiweni wenzangu walinichoka. "Profesa, abiria wako huyo, au umpe mtihani kwanza?" Nilikuwa nasoma ukurasa uleule mpaka nauelewa, kisha nampelekea mdogo wangu jioni. Ukisema jambo lilitokea lini, limeshafungiwa huko, unatumia wakati uliopita. Usiposema lini, na jambo lenyewe bado mnalo mpaka leo, hapo ndipo "has" na "have" zinapokaa.

Mifano ya kitabuni haikumwingia. Nikamtungia yetu. "Uncle laughed at me in January." Imepita, ina mwezi wake. "Uncle has not said sorry." Hiyo bado tunayo.

"Kaka, mwalimu akiona mfano huu ataniita ofisini."

"Akikuita, muulize kosa liko wapi."

Akacheka, akaandika mingine, mikali kuliko yangu. Hakukosea tena.

Mwaka huu amemaliza kidato cha nne. Kwenye mahafali alipewa zawadi ya somo la Kiingereza, na baba mdogo alikuja, amevaa suti, akakaa mstari wa mbele. Mshereheshaji alipoomba mzazi wa binti aseme neno, akainuka yeye. Alisema amemlea tangu baba yetu afariki, na kwamba msingi wa lugha ameuweka yeye mwenyewe. Watu wakampigia makofi.

Nilikuwa na maneno yangu. Niliyatunga miaka minne, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza kisicho na kosa. Nikasimama. Mdogo wangu akanishika mkono wa shati.

"Kaka, naomba. Leo ni siku yangu."

Nikakaa.

Getini tulikutana naye. Nikamwamkia, shikamoo. "Marahaba," akasema. "Umenyamaza vizuri, kijana. Umeanza kukua."

Mdogo wangu anasema sasa imetosha, shule ameipata, tumwache. Kwa upande wake namwelewa. Mimi nimenyamaza kwa ajili yake, si kwa ajili ya baba mdogo. Mtoto yule alichekwa mbele za watu, na mbele za watu ndipo mwenye kicheko atakapolipa. Mpaka leo hajalipa.