Nilizisugua Taa za Baba Mkwe

Mimi nina hasira za karibu, na mwaka ule hasira zangu zote ziliishia kwenye taa mbili za gari. Lilikuwa gari dogo jeupe, mtumba wa Japani, ambalo mume wangu alilinunua akiwa kazini Mombasa, akamwachia baba yake nyumbani karibu na Nyamira. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Magari mengi tuliyoyazoea yalikuwa na taa za kioo zisizochakaa. Za hili letu zilikuwa zimefifia hadi zikawa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mahindi. Ukiziwasha, mwanga ulitoka kwa shida, ukaishia kwenye nyasi.

Na ndani ya gari hilo walipanda watoto wangu wawili kila siku ya shule. Walisoma Kisii mjini, kwa hiyo waliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu ukiwa umelalia majani chai hadi huoni choo cha jirani. Dereva alikuwa baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache na tai hata siku za kazi ya shamba. Muhula mmoja tu alikwaruza nguzo ya lango, akaua kondoo wa watu, na akatumbukiza gurudumu mtaroni. Kila mara alirudi akasema ni taa. Nilimwitikia, kwa sababu taa zenyewe nilikuwa naziona.

Aliyenikera zaidi alikuwa mama mkwe. Kila asubuhi anajifunga kitambaa, anaketi kando ya mumewe, huyoo Kisii. Duka hana huko, mgonjwa hana, na shamba limejaa magugu. Watoto waliniambia kwamba njia nzima haoni haya kuongea: tazama yule na ng'ombe wake, tazama shimo lile limepanuka, tazama lori limesimama bila taa. Nilisema moyoni, jamani, mtu mzima anapanda gari kwenda kupiga domo! Nikamnunia, nikapalilia peke yangu.

Mtu atauliza kwa nini sikukaa na mzee nikamuuliza kulikoni. Kwetu Gusii kuna chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu kati ya mke wa mwana na baba mkwe. Simpi mkono. Siingii chumbani kwake. Simtajii habari za mwili wake, iwe mgongo, iwe tumbo, sembuse macho. Kumwambia labda ni macho yake kungekuwa kama kumvua shati mbele za watu. Nikaona nishughulike na taa, maana taa hazina chinsoni.

Jumamosi moja nikazisugua kama ninavyosugua sufuria, kwa jivu, maji na waya. Zilipokauka zilikuwa mikwaruzo mitupu, nyeupe kama magoti yasiyopakwa mafuta. Nilikaa chini kwenye matope nikajitukana. Jumatatu nikafunga safari hadi kwa Mhindi mmoja wa vipuri Kisii. Taa mpya hakuwa nazo, ingebidi ziagizwe Nairobi. Aliponiuliza nilizisafishia nini nikamwambia, alicheka hadi akavua miwani. Kisha akanieleza polepole kwamba ile si kioo, ni plastiki, na kwamba inataka msasa laini, maji na subira. Nikamwambia subira sina, anipe msasa.

Lakini kazi ya msasa na maji naijua. Nimezaliwa Tabaka, kwa wachonga mawe. Wanaume huchonga, wanawake na watoto husugua. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nakaa kando ya karai la maji na mama na shangazi zangu, tukisugua viboko na twiga wa mawe: msasa mkali kwanza, kisha wa wastani, kisha ule laini kama karatasi ya daftari, jiwe likiwa limelowa muda wote, hadi kidole kisihisi kitu. Hatua hairukwi. Ukiruka, mkwaruzo unabaki pale chini, na ukipaka polishi ndipo unajitokeza kukuaibisha.

Jumamosi iliyofuata nilianza baada ya chai. Maji yalitiririka ya manjano, kisha ya maziwa, kisha safi. Nikamalizia kwa dawa ya meno na kipande cha fulana kuukuu, halafu polishi ya sakafu isiyo na rangi. Ilipofika saa tisa mabega yalikuwa yanawaka moto, lakini niliweza kuona balbu ndani na uso wangu juu yake. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Baba mkwe alikuja akasimama hatua kumi hivi, kama ipasavyo, akasema asante sana mama, sasa ni mchana. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Kumbe wiki iliyofuata ndiyo watoto walichelewa shule siku tatu mfululizo. Walisema babu anaendesha polepole kuliko kawaida, na nyanya sasa anapaza sauti. Roho iliniuma, nikaisukuma kando. Nilinung'unika jikoni, sasa mzee anataka nini tena, nimwashie jua?

Ijumaa mama mkwe aliamka na malaria. Alikuwa amelala kwenye nyumba ya jikoni, karibu na moto, nami nilikuwa nampozea uji tuliposikia gari likiwaka. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Watoto wako ndani?"

Nikamwambia wako ndani.

"Watoe. Mimi ndiye humwonyesha barabara."

Uji ulimwagika sijui wapi. Nilitoka mbio miguu mitupu, nikakata katikati ya migomba, nikafika langoni kabla ya gari. Nilisimama katikati ya njia nikainua mikono. Taa zilinimulika barabara. Niliona kila ua la leso yangu, niliona matope kwenye vidole vyangu. Gari halikupunguza mwendo wala halikuongeza. Lilikuja tu, taratibu, kama halina mtu mbele yake. Nilipiga kelele, injini ikanizidi. Nikaweka viganja juu ya boneti, nikawa narudi kinyumenyume, miguu ikiteleza. Watoto ndio walioniona. Walipiga yowe, naye akafunga breki mgongo wangu ukiwa umeshagusa lango.

Alishusha kioo. Alitazama kando yangu kidogo, upande wa nguzo.

"Nani yuko hapo?"

"Ni mimi, Baba."

Nilijua nisiposema, Jumatatu watoto watapanda tena. Nilisema kitu ambacho mke wa mwana hasemi.

"Baba, huoni."

Alizima injini. Taa aliziacha zikiwaka. Alivua kofia akaiweka magotini, akasema kwa sauti ile aliyozungumzia na wazazi ofisini kwake zamani.

"Afadhali zilivyokuwa mwanzo, mama. Tangu uzisafishe, ukungu wote umekuwa mweupe. Hata boneti siioni."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulizisugua siku nzima," akasema. "Ningeanzaje?"

Nilisimama na mikono juu ya boneti ya moto. Mimi nilikuwa nimeshuku macho yake tangu mwanzo wa muhula, na nikaenda kununua msasa.